Dirisha la Kadi

Mimi nagonga mhuri. Ndiyo kazi.
Saa sita na nusu king'ora kikilia
na vumbi la maganda ya kahawa likitulia mabegani,
wanapanga foleni kwenye dirisha langu
hapa kiwandani, nyuma ya stesheni ya Moshi,
nami sioni nyuso kwanza. Naona rangi.

Kijani: mkataba wa miezi mitatu.
Ugali, maharage, Ijumaa kabichi.
Njano: wa kudumu. Jumatano nyama,
vipande viwili, Mama Ndeshi hupima kwa macho
na macho yake hayajawahi kumtia tajiri hasara.
Nyeupe hazifiki kwangu.
Nyeupe hupanda ngazi. Huko juu
kuku hana shingo wala miguu,
ni mapaja matupu, na leso za karatasi.

Vibarua wa kutwa hawana kadi.
Hununua muhogo kwa Aikaruwa, ng'ambo ya reli,
au hunywa maji ya bomba
polepole, kama mtu anayetafuna.

Elinami nilimjua hana kadi.
Gunia la kilo sitini lilikuwa kofia yake,
na makande ya jana aliyala kwenye kopo la rangi,
mgongo ukutani, akipuliza nzi.
Akapata kijani. Mashavu yakajitokeza.
Siku ya njano alinunulia foleni nzima soda,
akasema, "Refa kanionya, lakini nimebaki uwanjani!"
Siku ya nyeupe hakusema kitu.
Nilisikia tu soli mpya ngazini,
ko, ko, ko,
kisha mlango wenye springi.

Miaka sita sikumwona akitembea.
Kiti kilimpokea, gari likamchukua,
jioni nyama choma Majengo, bia, nyama choma,
kwani mtu aliyebeba magunia
nani atamwambia basi?

Julai, mlima umejifunika wiki ya tatu,
nikasikia mtu anahema dirishani.
Ameshika karatasi ya zahanati, mwandiko wa nesi Nakijwa:
presha. Sukari. Chumvi marufuku.
Ale dona, maharage, mchicha. Atembee.
"Dada," akasema, akitazama viatu,
"nimeandikiwa chakula chenu."
Nikatazama kadi, nikatazama tangazo ukutani:
NYEUPE HAILI CHINI.

Wiki ileile Mbazi alianguka.
Gunia lilimtoka begani, likapasuka,
yeye akaangukia mzani.
Mshale ukacheza, ukacheza,
ukatulia kwenye arobaini na saba.
Tulisimama tukiusoma
kama watu wanaosoma barua isiyo yao.

Nakijwa akaandika: homa.
Nikamwuliza, homa gani, mbona mwili wa baridi?
Akafunga daftari.
"Homa ina dawa kabatini," akasema.
"Nikiandika njaa, nani atasaini?"

Husemwa, aliyeshiba hamjui mwenye njaa.
Mimi nawajua wote wawili, kwa namba za kadi,
na yule asiye na namba namjua
kwa anavyopita dirisha langu haraka,
uso upande wa pili, pua upande huu.

Msiniulize mimi nala nini.
Kadi yangu ya kijani,
miezi mitatu, miezi mitatu,
huu mwaka wa tisa.

Mwisho wa mwezi mhasibu amekuja na kalamu nyekundu:
mbona sahani zimezidi watu?
Kuna kijani moja inagongwa kila siku,
ya mtu aliyeacha kazi Machi.
Nimemwambia ni ukoko.
Ukoko wa sufuria hii
haujawahi kuwa na hesabu.

Mbazi anakula amegeukia ukuta, haraka,
mkono mmoja umeizunguka sahani.
Hatua tatu kutoka kwake, Elinami,
kadi nyeupe imegongwa wino wa kijani,
anatafuna maharage kama anayesoma hukumu.
Jana alinyoosha mkono dirishani, kwa sauti ya chini:
"Dada, chumvi kidogo tu."
Nikamnyima.
Akacheka. Nami nikacheka.
Mbazi hakuinua kichwa.